Sisi Mazimwi Tunapiga Hodi

Mie nimezaliwa Kawe, nimelelewa na hadithi za pwani, na katika hadithi za pwani zimwi halina upande wake. Linakuja, linanusa, linameza watu mji mzima, mwisho linakatwa kidole gumba watu wanatoka hai, basi, tunakwenda kulala. Sijawahi kujiuliza lilitoka wapi au nani alilizaa. Mpaka alipokuja mama mkwe wangu kutoka bara, akaweka kigoda chake pembeni ya simtanki la maji, akaanza kuwasimulia wajukuu zake habari za mazimwi kwa upande wa mazimwi.

Na si upande tu. Alikuwa anasema "sisi."

"Sisi mazimwi tulikuwa tunakaa bondeni," anaanza, huku anachambua mchele kwenye ungo. "Watu walikuwa wanakaa mlimani. Jioni tunauona moto wao."

Mwanangu wa kwanza ana mdomo kama mama yake. Siku ya kwanza tu akamrekebisha.

"Bibi, siyo 'zimwi akaja.' Tunasema 'zimwi likaja.'"

"Nani kakufundisha?"

"Mwalimu."

"Mwalimu wako amewahi kukutana na zimwi?"

"Hajawahi."

"Basi kamwambie bibi kasema linalokuja 'likaja' ni jiwe, limeporomoka. Zimwi ana mama yake. Akaja."

Nilikuwa nafua, nikacheka mpaka povu likaniingia jichoni. Nilidhani ni Kiswahili cha bara tu, si unajua tena sie watu wa pwani tunavyojiona kwenye lugha. Nilimcheka vile siku nyingi, kumbe mwenyewe alikuwa anajua anachosema.

Tulikuwa tunakaa Temeke, ndani ndani huko kupita Mbagala. Mtaa sitautaja, nina watoto wanasoma. Nyumba yetu ilikuwa haijapigwa plasta nje, uwanja mchanga mtupu, geti la bati. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma na mbele ya Tunduma, nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo. Safari moja akarudi na mama yake kakaa kiti cha mbele, kapakata kuku na kifurushi cha nguo.

"Mama atakaa na sisi," akasema.

"Mpaka lini?"

"Atakaa."

Nikaelewa kwamba nisiulize. Nikampokea mzigo, nikamwamkia, akaitikia, akainua uso. Jamani! Macho yale. Sisemi mekundu ya usingizi au ya kilio, hayo kila mtu anayo. Yake yalikuwa mekundu hasa, mpaka kwenye kope, yanatoa machozi membamba muda wote naye hana habari nayo. Nilimwogopa, sifichi. Wiki za mwanzo ikifika saa ya kulala nilikuwa naingiza komeo kwenye mlango wa chumba cha watoto, taratibu, chuma kisilie. Asubuhi moja akaniuliza, wala hana hasira:

"Mkwe, lile komeo unawafungia wao ndani, au unanifungia mimi nje?"

Aibu niliyoipata! Ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe. Ndipo akanieleza. Kule kwao kanda ya ziwa miti iliisha zamani, wanawake wanapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake haufanani na moshi wa kuni. Ukiupulizia tangu usichana mpaka unakuwa bibi, macho yanabaki hivyo. Hakuna cha ajabu, ila kule bibi mwenye macho hayo wanamwita mchawi.

"Ya dada yangu yalikuwa hivi hivi," akasema.

"Yuko wapi dada yako, mama?"

"Waliingia bila hodi."

Akaendelea na mchele wake. Ukishaambiwa hivyo unauliza nini tena? Nilikwenda kuling'oa lile komeo kwa nyundo, nikalitupa.

Tangu siku ile nikawa nasikiliza hadithi zake kwa sikio jingine. Ilikuwa hadithi moja hasa, haina mwisho, kila alasiri anaongeza kipande. Zimwi mama alikuwa na mtoto wa kike, jino lake moja limetangulia mbele. Akimtuma popote, anampa wasia ule ule.

"Ukifika kwenye mlango," mama mkwe anasema kwa sauti ya zimwi mama, ambayo wala haikuwa nzito, ilikuwa sauti ya mama yeyote anayechelewa kupika, "hata mlango wa pango, hata wa nyumba iliyobomoka, piga hodi. Ukisikia karibu, ingia. Usiposikia, kaa hapo hapo kizingitini, usubiri."

"Hata kama hamna mtu, bibi?"

"Hapo ndipo hasa. Asiyekuwepo naye ana nyumba yake."

"Na watu je?"

"Watu hawapigi hodi kwetu. Ndivyo tunavyowajua. Umekaa ndani umesikia hodi, huyo ni mwenzetu, weka maji motoni. Mlango umefunguka na hodi hujaisikia, huyo ni mtu. Kimbia, mwanangu, usigeuke nyuma."

Watoto wanapiga kelele za raha na hofu pamoja, wanakumbatiana. Walikuwa wanakuja wa mtaa mzima. Aliyempenda bibi kuliko wote alikuwa binti wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yuko chekechea, meno ya mbele yameng'oka, anakaa karibu na goti la bibi mpaka anamkanyagia khanga. Siku moja akauliza:

"Bibi, na mimi ni zimwi?"

"Unapiga hodi?"

"Napiga."

"Basi wewe ni wetu."

Mtoto alifurahi huyo! Akaondoka anaruka kwenda kumwambia mama yake.

Huyo mama yake alikuwa shoga yangu. Mtu wa pwani mwenzangu, ana adabu zake, hana makuu. Tulikuwa tunaombana chumvi, ndimu, kiberiti, kinu changu kikawa chake na ndoo zake zikawa zangu. Usiku wa homa ya mwanangu wa pili ni yeye aliyekaa nami. Kwa hiyo alipokuja kunong'ona, sikumdhania vibaya.

"Shoga, mwambie bibi apunguze chumvi kwenye hadithi. Mwanangu kaja ananiambia yeye na bibi ni mazimwi. Anasema, 'Sisi mazimwi.' Mie nimecheka, lakini baba yake hakucheka."

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Ilikuwa imeingia habari ya mumiani. Mumiani kila kizazi cha Dar kinawajua kwa jina, wanyonya damu wanaobeba watu, na hakuna aliyewaona hata mmoja. Safari hii walikuwa na gari nyeupe ya vioo vyeusi. Grupu la mtaa kwenye simu halilali: mara mtoto kapotea Kigamboni, mara kaonekana hana damu, mara aliyesema hivyo anasema na yeye kaambiwa. Ukiwauliza, wanakutupia methali, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo nimeisema tangu utotoni bila kufikiri. Mwezi ule ndipo nilipoielewa vizuri ile "laja" yake.

Nikamwendea mama mkwe. Nilitafuta maneno, maana mkwe si mtu wa kumfundisha kusema.

"Mama, hadithi zako nzuri, watoto wanazipenda. Ila naomba useme 'wao.' 'Wao mazimwi.' Watu hapa vichwa vimepata moto."

Alipangusa macho kwa ncha ya khanga.

"Walipokuwa wanamwandama dada yangu," akasema, "waliniuliza na mimi. Na wewe je, uko nao? Nikasema hapana, wao ni wao. Nikasema 'wao,' mkwe, kwa mdomo huu, nipone. Nikapona. Sasa nasema 'sisi,' na sitaacha."

Nilikasirika, nikamwona mkaidi, nikaenda kuwasha jiko langu la vitumbua kwa kelele za sufuria. Maana mie nakaanga vitumbua asubuhi, ndiyo kazi yangu, na macho yangu mwenyewe kwa moshi ule hayakuwa meupe. Nikamtupia na methali nikiwa nimempa mgongo, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, majirani zetu wanatujua. Akacheka kwa pua.

"Aliyetunga hiyo alikuwa mtu. Asiyekujua anaiba kuku wako anaondoka. Wa kukumaliza ni anayekujua."

Ikaja ile Jumamosi.

Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi ya wali. Mama mkwe yuko kwenye kigoda chake. Nikasikia jirani anaita jina la mwanawe, kwanza kwa sauti ya kumwita mtoto aje kuoga, mara ya pili kwa hasira. Mara ya tatu sauti ikawa nyingine. Nikatoka na khanga moja, nikaingia naye vichochoroni. Tuliuliza dukani, kwenye kibanda cha chipsi, msikitini, kwa fundi baiskeli. Mtoto hakuwepo. Watu wakaanza kujaa. Nikakimbilia nyumbani kuchukua simu nimpigie mume wangu, nikakuta grupu linatoa milio mfululizo. Nikafungua ujumbe wa sauti wa mwisho. Mwanamume mmoja, simjui mpaka leo, alikuwa anasema:

"Kaliulizeni lile bibi la macho. Anzieni hapo."

Lile. La. Kwetu sie mtu ni yule, mtu ni wa. Nilisimama na simu mkononi, mikono bado ina nazi, nikamwona mama mkwe ananitazama. Alikuwa amesikia.

"Waingize watoto chumbani," akasema. "Chini ya kitanda."

Nikawaingiza. Nilipotoka, walikuwa wameshafika. Umati wenye kelele siuogopi, nimekulia Kawe, nimeona mipira na mikesha ya harusi. Wale walikuwa kimya. Nilisikia miguu tu kwenye mchanga, mingi, na chini ya geti vivuli vimejipanga. Harufu ya petroli ikaingia uwanjani. Mtu mmoja nje akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza maji yametoka:

"Liko ndani?"

"Liko," mwingine akajibu.

Mama mkwe akaweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike. Akasimama, akafunga khanga yake upya. Mie nilikuwa nimeinyakua mbuzi ya nazi nimeishika kwa miguu yake miwili, sijui hata nilitaka kumkuna nani.

"Hawajapiga hodi," akaniambia kwa sauti ya chini. Nikajua kwamba anajua kitakachofuata, kwamba kwake hii ni mara ya pili.

Geti likasukumwa.

Wa mbele alikuwa shoga yangu. Ushungi umemwanguka, uso umevimba kwa kulia, na mkononi ameshika mchi. Mchi wangu mie, wa kinu changu. Nyuma yake vijana, nyuma ya vijana wanaume wazima, nyuma kabisa mjumbe wetu wa nyumba kumi anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Shoga yangu akaweka mguu mmoja ndani. Na mdomo wake, ambao mama yake aliufundisha kabla hajajua hata kuvaa kiatu, ukasema:

"Hodi."

Hakukusudia. Naapa hakukusudia, niliuona uso wake ulivyoshtuka. Neno lilimtoka kama chafya.

"Karibu, mwanangu," mama mkwe akaitikia. "Karibuni wote. Piteni."

Hakuna aliyepita. Hakuna aliyerudi nyuma. Shoga yangu kasimama na mchi wake, mguu mmoja ndani mmoja nje, na mtu mzima keshamkaribisha. Sasa utakaribishwaje na mtu mzima ubaki bubu?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unalia?"

Akamgeukia kijana aliyekuwa kwa nyuma na kidumu. Alimtazama tu kwa macho yale mekundu, anasubiri, kama anavyosubiri mtu mzima yeyote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Kiweke chini hicho, kitakumwagikia nguo."

Akakiweka. Mungu wangu, akakiweka! Wengine wakafuata, shikamoo huku, shikamoo kule, kwa sauti ndogo za watu waliofumaniwa, na yeye anaitikia mmoja mmoja, hamruki mtu. Sisemi kwamba mtu akishakuamkia hawezi kukupiga. Wapo wanaoweza. Siku ile pale uwanjani kwetu walishindwa.

Shoga yangu akaanguka magotini. "Mwanangu yuko wapi, mama? Niambie tu yuko wapi."

"Mara ya mwisho alikuwa anacheza nini?"

Kabla mama yake hajajibu, sauti ya mwanangu ikatoka chini ya kitanda, imepita dirishani: "Zimwi! Alikuwa anacheza zimwi!"

Mama mkwe akafikiri kidogo. "Basi kaenda kupiga hodi," akasema. "Nyumba gani hapa haina watu?"

Kuna pagala bondeni, la mtu aliyeanza ghorofa akaishiwa, miaka sasa. Watu wakatazamana, wakageuka, wakatimka. Na mie nikatimka, nimesahau kuiacha mbuzi. Tukamkuta. Kakaa kizingitini kwenye nafasi ya mlango, kaegemea tofali, kalala, mdomo wazi. Mama yake alipomnyanyua akafungua macho, akasema kwa kununa:

"Nimepiga hodi, hawajanijibu."

Ndani ya pagala, hatua mbili tatu kutoka pale alipokaa, sakafu haikuwepo. Lilikuwa shimo la choo lisilofunikwa, limejaa maji ya mvua mpaka karibu na ukingo, na juu yake pameota majani mabichi mazuri, ungedhani ni bustani. Tulisimama pale wote tukalitazama. Kijana mmoja akatupa tofali ndani, na hatukusikia limegonga chini.

Jioni ile mtaa wote ulikuwa kwetu. Shoga yangu alimshika mama mkwe mikono yote miwili akaililia. Mjumbe akatoa maneno marefu. Nikapika chai sufuria kubwa, nikaona mambo yamekwisha. Mjinga mie.

Asubuhi yake, katikati ya pole na hongera, mtu akaandika kwenye grupu: "Lakini kajuaje?"

Basi. Kajuaje. Nilirekodi sauti nikaeleza, hadithi, kizingiti, mchezo wa watoto, nikaeleza yote mpaka mwisho. Wakasikiliza wote, na hakuna aliyenijibu. Yuko kakaa kwake, hajatoka, anachambua mchele, na mtoto yuko bondeni, kajuaje? Mchana ikawa amempeleka mwenyewe. Alasiri ikawa alimpeleka akashindwa, mtoto ana hirizi ya kwao. Kesho yake nilimpitia mama muuza mboga nikamsalimia, akainamia mchicha wake akaupanga upya. Wateja wangu wa vitumbua, watu niliowakopesha na kuwasitiri, wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Beseni likawa linarudi limejaa, tunakula vitumbua asubuhi, mchana na jioni.

"Ndivyo inavyokwendaga," mama mkwe akaniambia, kapakata sahani ya vitumbua vilivyopoa. "Kwanza hawaitikii salamu. Baadaye hawaji kuomba chumvi. Mwisho hawapigi hodi."

"Sasa tuko wapi, mama?"

Akatafuna, akameza. "Lini jirani kakuomba chumvi?"

Nilitoka moja kwa moja kwa mjumbe, nikamwaga yote, nikamwambia kama kuna mtu ataguswa kwangu nitamtaja yeye wa kwanza. Akaniambia kwa upole kwamba yeye binafsi haamini mambo hayo, ila na mimi niangalie. Niangalie nini? Akarudia, niangalie tu.

Nilibaki na tumaini moja, shoga yangu. Nilijiambia yeye ndiye mwenye mtoto, yeye ndiye aliyeliona shimo, yeye akisema neno moja mtaa utatulia. Nilikuwa nasubiri aje. Nilikuwa nausikia mlango wake ukifunguka, natega sikio.

Akaja, siku ambayo nimetandika vitumbua vya mwisho kwenye beseni. Geti likafunguka. Akaingia, akapita mbele ya mama mkwe kama anapita mbele ya ukuta, akakiendea kinu changu, akauegemeza mchi wangu pale. Akachukua ndoo zake mbili za bluu kando ya simtanki, akamwaga maji yaliyokuwemo mchangani. Hakunitazama. Mtoto wake alikuwa ameachwa nje ya geti. Akamwona bibi, uso ukachanua, akafungua mdomo wake wa mapengo:

"Ho—"

Mama yake akamvuta mkono kwa nguvu, mtoto akayumba, ndoo zikagongana. Wakaenda.

Nikataka kumfuata, nimpasulie ukweli wake hadharani, shimo lile, homa ile ya mwanangu, chumvi yote ya miaka. Mama mkwe akanishika khanga.

"Nifungie mzigo, mkwe."

"Mama, huyu ni mmoja. Huyu kachanganyikiwa tu."

"Huyu ndiye aliyepiga hodi," akasema. "Nifungie mzigo."

Mume wangu kwa simu akapata rafiki mwenye shamba Kimbiji, lina nyumba ya vyumba viwili, haikai mtu. Tulikodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, tukapakia godoro, kigoda, ungo na sufuria, watoto nikawaacha kwa mama yangu Kawe. Tulipotoka mtaani watu walikuwa wamesimama milangoni. Hakuna aliyetupa jiwe wala aliyepunga mkono. Mama mkwe alijifunika khanga mpaka kwenye nyusi njia nzima, na zile barabara za Kimbiji zinavyotupa watu.

Nyumba ilikuwa ya bati, minazi michache, mihogo imeachwa mpaka imekuwa miti. Dereva akashusha vitu akaondoka. Nilikuwa natafuta ufunguo kwenye mkoba, nikamwona mama mkwe amekwenda mpaka mlangoni, akasimama, viatu amevivua.

"Hodi," akasema.

"Mama, hamna mtu humo."

"Najua."

Akabaki pale. Jua linamchoma utosini, machozi yake membamba yanashuka, anasubiri. Ningeufungua ule mlango wa mbele asingeingia, nilimjua. Nikazunguka nyuma. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa kwa waya, nikavunja kucha kuufungua, nikapita gizani katikati ya utando wa buibui na magunia, mpaka nikawa nyuma ya mlango aliokuwa amesimama. Nilimsikia anavyopumua upande wa pili. Nikafuta uso, nikajitengeneza sauti.

"Karibu, mama," nikasema. "Pita ndani."

Nikamfungulia. Akaingia, akashukuru kwa heshima kama vile mimi ndiye mwenye nyumba kweli. Akaenda kufungua dirisha, apate mwanga, akachungulia nje kidogo, akarudi kupanga vyombo vyake.

Njiani, kwenye uzio wa miti, wanawake wawili wenye ndoo kichwani walikuwa wamesimama. Walikuwa wanalitazama lile dirisha. Nikatoka mlangoni, nikawachangamkia kwa sauti yangu yote ya Kawe:

"Habari za hapa, jirani! Tumehamia, sie wageni wenu!"

Mmoja akamtazama mwenzie. Wakanitazama, wakalitazama tena dirisha, wakaondoka, maji yakiwamwagikia mabegani kwa haraka yao.

"Umewasalimia?" mama mkwe akauliza toka ndani.

"Nimewasalimia."

Sufuria zikanyamaza.

"Wameitikia?"

"Wameitikia, mama," nikasema, nikaufunga mlango.